Deni la Anayejitolea

Dada yangu alinipigia simu jioni moja ya Januari, mvua zikiwa zimeshika kasi huko nyumbani. Ni mtoto wa mama mkubwa, muuguzi katika zahanati moja ya wilaya ya Kibondo, na kwa kawaida huanza simu zake kwa kuniuliza kama nimekula. Siku hiyo hakuuliza. Alisema, "Mdogo wangu, ile ramani uliyoniwekea kwenye simu leo imetutesa."

Walikuwa wametoka asubuhi kwenda huduma ya mkoba, yeye na kijana wa bodaboda, kasha la chanjo likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Kijana aliyezoea njia ile alikuwa mgonjwa. Huyu wa siku hiyo alikuwa mgeni. Dada akatoa simu, akafungua ramani ambayo mimi mwenyewe nilimshawishi aiweke kwa kuwa inafanya kazi hata pasipo na mtandao, nayo ikawaonyesha njia ya mkato. Ikawapeleka vizuri kwa karibu saa nzima, kisha ikawafikisha kwenye kijito kilichofurika, mahali palipokuwa na daraja la magogo zamani. Magogo hayakuwapo. Wakarudi nyuma, wakazunguka, pikipiki ikakwama kwenye tope. Walipofika kitongojini ilikuwa saa kumi jioni. Chanjo zilikuwa salama, lakini kina mama waliokuwa wakisubiri chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi walikuwa wameshaondoka, wengi wao wakiwa wametoka mashambani mbali na watoto mgongoni.

"Sijui aliyeichora hiyo barabara alikuwa anafikiria nini," alisema dada.

Tulipoagana nilifungua kompyuta. Ramani ya OpenStreetMap ina tabia moja ambayo ramani za kununua hazina: kila mstari una historia yake. Unaubofya, unaona nani aliuchora, lini, na nani aliurekebisha baadaye. Historia ya barabara ile ilikuwa fupi sana. Ilikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa langu.

*

Naikumbuka jioni niliyoichora. Ilikuwa miaka miwili kabla, Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa chuo. Tulikuwa wanafunzi kama thelathini, tukigawana chapati na soda, kila mmoja na kompyuta mpakato yake. Eneo la kuchora lilikuwa limegawanywa katika miraba. Unachagua mraba wako, unatazama picha ya setilaiti, unachora unachokiona: paa la nyumba, mto, njia. Ukimaliza unabonyeza kitufe, unahamia mraba mwingine. Ukutani palikuwa na orodha ya majina na idadi ya vitu ambavyo kila mtu amechora.

Nilipogundua kwamba miraba ya siku ile inagusa Kibondo, nilichangamka kuliko wote. Mimi nimezaliwa Kasulu. Nilijiona mwenyeji. Nilichora kwa kasi ya mtu anayejua kwao, nikasahau kwamba ukitoka Kasulu kwenda Kibondo unavuka Mto Malagarasi, na kwamba mtu hawi mwenyeji wa kila kijito kwa sababu tu anajua jina la mto mkubwa. Niliona mstari mweupe mwembamba ukipita kwenye mashamba, ukavuka ukanda wa kijani, ukaendelea upande wa pili. Nikaufuata kwa kipanya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama.

Jambo ambalo sikulifikiria ni dogo tu. Picha nzuri za setilaiti ni zile zisizo na mawingu, na kwetu anga hukosa mawingu wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tuliokaa Dar tulikuwa tunaitazama Kigoma ya Julai na Agosti, wakati kila kijito kinapitika kwa miguu mikavu, halafu tukawachorea watu ramani ya kutumia mwaka mzima. Mstari wangu haukuwa uongo. Ulikuwa kweli ya miezi michache.

Usiku ule nilishika nafasi ya tatu kwenye orodha ya ukutani. Nilipiga picha ya ile orodha.

*

Sitaki nieleweke vibaya. Kazi hii naiamini. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo takwimu za ramani za nchi ile zilikuwa zinauzwa ghali. Wazo lilikuwa jepesi: kila mtu achore panapomhusu, na kila mtu atumie bure. Tetemeko lilipoipiga Haiti mwezi Januari 2010, watu waliotawanyika duniani kote waliichora Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakazitumia ramani hizo. Kwetu Tanzania, mtaa wa Tandale ulichorwa mwaka 2011 na wakazi na wanafunzi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambao ulipita mitaa ya Dar es Salaam inayofurika mvua zikinyesha. Mwaka huohuo ikaanza Crowd2Map, ambayo imewakusanya maelfu ya watu wa kujitolea kuchora vijiji vyetu.

Sababu ya Crowd2Map kuanza inafaa kukumbukwa. Kule Mara, wasichana waliokuwa wakikimbia kukeketwa walihitaji mtu wa kuwafuata, mara nyingi usiku, kwenye vitongoji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Rhobi Samwelly na wenzake wa nyumba salama ya Mugumu walihitaji kujua njia inapita wapi. Kwa msichana anayesubiri gizani, ukurasa mtupu si jambo dogo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba dawa ya ramani yenye makosa ni kuacha kuchora.

Swali langu ni jingine. Mtu akitoa kazi yake bure, bila kuombwa na bila kulipwa, kisha kazi hiyo ikamuumiza aliyeitegemea, je, anadaiwa chochote?

*

Jibu la kwanza nililojipa usiku ule lilikuwa la leseni. Karibu kila leseni ya programu huria ina kifungu kinachosema, kwa maneno haya au yale, kwamba kitu hiki kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Ukikitumia kikakuharibikia, mtoaji hahusiki. Ramani ile nayo ina tahadhari ya namna hiyo. Nilikisoma kifungu hicho mara mbili na nikasikia nafuu. Sikulipwa hata shilingi. Sikusaini mkataba na zahanati. Dada hakuniomba barabara. Kisheria, nilikuwa huru kabisa.

Nafuu hiyo ilidumu mpaka nikakumbuka makaburi.

Kwetu Kasulu, mtu akifa, kaburi huchimbwa na vijana wa kitongoji. Hakuna anayelipwa. Hakuna anayeitwa kwa jina. Unasikia msiba, unachukua jembe au sururu, unakwenda. Nimeshawahi kuchimba, na nimeshawahi kuona kaburi lililochimbwa fupi. Jeneza lilikuwa limeshafika, wafiwa wamesimama, na ikabidi lishushwe pembeni wakati vijana wawili wakiruka tena shimoni kupanua upande wa miguu. Ilichukua muda mfupi tu. Lakini mjane alikuwa amesimama pale, na kila pigo la sururu tulilisikia wote.

Hakuna aliyesema, "Waacheni, wamechimba bure." Neno hilo lingekuwa tusi. Wazee waliwasema wale vijana, na vijana waliinamisha vichwa, kwa sababu kila mtu pale alijua jambo ambalo kifungu cha leseni kinalificha: kujitolea huondoa mshahara tu. Mshahara ukiondoka, kazi inabaki kuwa kazi, na jeneza linabaki na urefu wake.

Ng'ambo ya mpaka, Warundi huita *ikibiri* kazi ya aina hii, watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, leo la huyu, kesho la yule. Sehemu nyingine za nchi yetu husema msaragambo. Popote ilipo, desturi hii ina hesabu yake. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika kwamba hakuna zawadi isiyo na kamba: anayepokea hufungwa deni la kurudisha. Nadhani alikuwa sahihi, lakini barabara yangu imenifundisha upande wa pili wa kamba hiyo. Zipo zawadi zinazomfunga anayetoa.

Fikiria ramani ingekuwa tupu siku ile. Kijana wa bodaboda angefika njia panda, angesimama, angemuuliza mama anayelima maharage kando ya njia. Mama angemwambia, "Huko hakupitiki, daraja lilikwenda na maji." Ramani tupu humlazimisha mtu aulize. Ramani yangu ilimnyamazisha. Sikuwapa tu barabara isiyopitika. Niliwaondolea swali ambalo lingewaokoa. Ukishamfanya mtu akuamini, huwezi tena kusema hamkuwa na uhusiano.

Na lugha yetu yenyewe inajua. Hatusemi *kutoa* tu, tunasema *kujitolea*. Ndani ya neno hilo kinachotolewa ni nafsi. Aliyetoa debe la mahindi anaweza kuliacha mlangoni akaenda zake. Aliyejitoa mwenyewe, atajiachaje mlangoni na kuondoka?

*

Hapa ndipo lazima nijipinge, maana hoja hii ikiachwa peke yake ni ya hatari.

Kizazi changu kinalijua neno kujitolea kwa uchungu. Tuna wenzetu waliomaliza chuo ambao "wanajitolea" mashuleni na maofisini mwaka wa pili sasa, wakifanya kazi ya mwajiriwa kwa nauli, au hata bila nauli, wakingoja ajira zitangazwe. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba anadaiwa uwajibikaji kamili, unamsaidia anayemnyonya. Hata ramani hii ninayoisifu, kampuni kubwa kama Meta na Apple nazo huitumia. Mchoraji wa bure ana haki ya kuuliza: ninadaiwa na nani hasa?

Mwaka 2024 jamii ya programu huria duniani ilipata somo lake kuhusu hilo. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, xz, inayokaa ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Watu wakaanza kumlalamikia hadharani kwamba anachelewa. Alijibu kwamba hali yake si nzuri na kwamba kazi ile haina malipo. Kelele hazikuisha. Wakati huohuo alikuwapo mchangiaji mwenye bidii aliyejiita Jia Tan, aliyeanza kusaidia mwaka 2021. Taratibu akaaminiwa, akapewa funguo, halafu akapachika ndani ya programu ile mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye kompyuta za watu. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alitoa taarifa kwamba ameugundua mlango huo. Alikuwa ameshangazwa na ucheleweshaji wa karibu nusu sekunde kwenye kompyuta yake, akaamua kufuatilia. Jia Tan ni nani hasa, haikujulikana.

Kisa hicho hunirudia kwa sababu wote watatu, yule aliyechoka, yule mwizi na yule aliyefuatilia nusu sekunde, kwa nje walionekana wanafanya jambo lilelile: wanachangia. Na walioitegemea programu ile, yakiwemo makampuni tajiri, walikuwa wamepokea kwa miaka bila kuuliza anayechimba amekula nini. Kwenye msiba wa kwetu, wachimbaji hupelekewa chakula na maji palepale makaburini. Hakuna anayeita huo mshahara. Ni sehemu ya hesabu: ukitaka kaburi la kutosha, usiwaache wachimbaji na njaa.

Kwa hiyo deni lipo pande zote mbili, na nadhani sasa naweza kusema la upande wangu ni lipi. Sidaiwi ukamilifu. Aliyejitolea akidaiwa ukamilifu, atakaa nyumbani, na msichana wa Mara atabaki gizani. Wale vijana wa Kasulu nao hawakulaumiwa kwa kukosea kipimo, kipimo hukosewa. Wangelaumiwa maisha yao yote kama wangekuwa wameshaondoka jeneza lilipofika. Walikuwapo, sururu mkononi, wakarudi shimoni. Mimi nilichora, nikapiga picha ya orodha ya ukutani, nikaondoka. Kosa langu kubwa halikuwa daraja. Lilikuwa miaka miwili bila kurudi kutazama.

*

Wenzangu wa ramani watanijibu: hiyo ndiyo sababu iko wazi! Yeyote anaweza kurekebisha. Nilisema hivyohivyo kwa dada siku chache baadaye, nilipokuwa nimeshamweleza kwamba mchoraji ni mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha uchovu. "Kwa hiyo nirudi na tope hadi kichwani, nifungulie akaunti, nijifunze kuchora, ndiyo nikusahihishe? Na bando nani ananinunulia?"

Alikuwa sahihi. Tunasema mlango uko wazi, lakini hatusemi mlango uko ghorofa ya ngapi. Mwenye kompyuta mpakato na mtandao wa chuo anaweza kuongeza barabara kwa dakika moja. Mwenye kukwama kwenye barabara hiyo hawezi kuifuta. Kama kukosea ni rahisi kwangu na kusahihisha ni kugumu kwake, basi uwazi huo umenipa mimi uhuru na yeye mzigo. Deni la kurudi linaanzia hapo: usimsubiri aliyeumia apande ngazi zako.

Mwezi Juni, chuo kilipofunga, nilikwenda. Nilipumzika siku mbili Kasulu, nikapanda gari la Kibondo, na asubuhi iliyofuata yule kijana wa bodaboda, ambaye sasa ana sababu ya kunitania, alinipeleka kijitoni. Kilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Ungekiona siku hiyo ungesema hakiwezi kumzuia hata mbuzi. Pembeni kulikuwa na gogo moja limekwama kwenye matete. Nilisimama pale na simu, nikaukata mstari wangu mahali pa kijito, nikaandika kwamba hakuna daraja na kwamba wakati wa mvua hapapitiki.

Mwenyekiti wa kitongoji tulimkuta akianika mihogo. Nilijieleza: mimi ndiye niliyechora, nimekuja kusahihisha. Alitazama simu yangu kwa muda, akanitajia jina la kijito, ambalo nilikuwa silijui, na majina ya vitongoji viwili ambavyo kwenye ramani yangu vilikuwa vijumba vidogo visivyo na jina. Akanionyesha njia ambayo watu hupita kweli mvua zikinyesha, ndefu zaidi, inayopanda mgongo wa kilima. Halafu akaniuliza, "Kijana, unalipwa na nani?"

"Silipwi, mzee. Najitolea."

"Sawa. Sasa likiharibika tena nimwambie nani?"

Katika miaka yote ya kuchora, kwenye kumbi zenye chapati na soda, sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali hilo. Niliandika namba yangu ya simu kwenye daftari lake, chini ya orodha ya michango ya ujenzi wa darasa. Aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kuhakikisha.

Sijui kama hiyo inatosha. Namba moja kwenye daftari moja si mfumo, na miraba niliyoichora jioni ile ni mingi kuliko vijito nitakavyoweza kuvifikia. Dada ananiambia kwamba kati ya wale kina mama wa chini ya mwembe, wapo ambao hakuwaona tena mkoba uliofuata, na kwamba hana njia ya kujua kama watoto wao walichanjwa kwingine. Hilo hakuna marekebisho yatakayolifuta.

Lakini mwezi Novemba, nikiwa darasani, simu ilitetemeka mara moja ikanyamaza. Namba ya Kibondo ilikuwa imenibipu. Nilitoka nje nikapiga. Mzee hakunisalimia sana, salio ni langu lakini mazoea ni mazoea. Alisema wameweka magogo mapya, manne, na kwamba pikipiki inapita ila gari hapana. Kisha akasubiri kidogo, kama mtu anayeangalia ukiandika.

"Umeandika?" aliuliza.